Maji Yaliyogeuka Nondo

Kwa miezi minane, kila asubuhi baada ya chai, mwanamke mwenye umri wa miaka sabini na sita alikuwa akimgeukia mwanamume aliyemmiminia chai hiyo na kumuuliza kwa adabu, "Samahani bwana, mdogo wangu atarudi saa ngapi?"

Na huyo bwana ndiye aliyekuwa mdogo wake.

Siku za mwanzo alijaribu kujieleza. Alimwambia ni mimi, dada, mimi ndiye Kitinda, kitindamimba wenu. Dada akamtazama kuanzia kidevuni hadi utosini, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyesoma asiyetaka kumvunjia mwenzake heshima. "Kitinda ana nywele," akasema. Tangu siku hiyo ndugu huyo, fundi wa televisheni, alizoea kujibu kwamba mdogo mtu amechelewa kazini. Jibu hilo lilimtosha dada mpaka chakula cha mchana, kisha swali likaanza upya.

Isemwe mapema, maana wasemao ni wengi na wajuao ni wachache: mwanamke huyo hakutupwa. Nyumba yake mwenyewe ilifungwa baada ya kuacha jiko linawaka mara mbili mpaka moshi ukawaita majirani. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na kazi nzito katika mji mwingine, na nyumba ya ngazi ambazo mama hawezi kuzipanda. Ilibidi chumba cha chini kijengwe kwanza. Mjomba mtu akasema, mleteni kwangu. Mambo ya kuoga na kuvaa alikabidhiwa mama wa jirani, kwa sababu heshima ni heshima hata mtu akisahau jina lake, na mengine yote aliyafanya mjomba kwa mikono yake. Hakuna siku dada alionekana na gauni lenye doa. Kitambaa cha meza kilipigwa pasi. Aliyepita akasikia harufu yoyote mbaya katika nyumba ile aliileta mwenyewe.

Huyu dada alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili. Wanafunzi walimpa jina la Mama Kimya, kwa kuwa alipotokea kwenye kona ya darasa hata nzi walitua. Fundi yeye alikuwa wa tano na wa mwisho kwa mama yao, na ndiye peke yake ambaye hakushika kitabu, alishika bisibisi. Baba yao, karani wa kalamu mbili mfukoni, alikufa akiiita kazi ya kutengeneza televisheni "kuchokonoa masanduku." Masanduku hayohayo yalimlisha mwanawe miaka arobaini bila kumwomba mtu. Alichumbia mara moja, na uchumba ule ukaisha bila ugomvi, kama betri inavyoisha. Akabaki na karakana yake na vyumba viwili nyuma yake. Ndugu wengine watatu walikwisha kuzikwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa kuzaliwa isipokuwa dada. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu mwenye haki ya kumwita Kitinda, na mtu huyo alimwita bwana.

Kisha mpwa akapiga simu. Chumba kimekwisha, alisema, hata vigae vimewekwa visivyoteleza, na atakuja kumchukua mama Jumapili ya tatu kutoka siku hiyo. "Umechoka mno, mjomba," akasema. "Sasa na wewe upumzike."

Fundi akasema vizuri, mwanangu. Akauliza rangi ya kuta. Alipokata simu akakaa kwenye kiti cha jikoni akahesabu siku kwa vidole, akakuta zinatosha mikono miwili na miguu miwili, ukitoa kidole kimoja kwa leo. Hakutaka dada abaki. Alijua nguvu zake zimefika wapi. Alitaka kitu kimoja: kabla ya Jumapili hiyo, dada amtazame, hata kwa dakika, amjue.

Njia ilijitokeza bila yeye kuitafuta. Siku mbili baadaye alikuwa anachambua mchele mezani, dada ameketi mkabala naye anamsaidia kwa kurudisha mawe aliyoyatoa. Dada akaanza kuimba puani. Sauti nane za kupanda, tatu za kushuka, kisha tena. Fundi akaacha mchele. Wimbo ule hakuwa ameusikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na haukuwa wimbo wa watu. Ulikuwa wimbo wa gemu.

Ilikuwa hivi. Zamani, karakana ilipokuwa imejaa televisheni za kichogo, zile nene za zamani, mpaka mlangoni, mteja mmoja alileta yake pamoja na mashine ya gemu, akahama mji, asirudi. Wakati huo dada alikuwa amepewa ukuu wa shule, na nyumbani kwake kulikuwa na mawifi wawili na kelele. Kwa hiyo saa kumi jioni akitoka kazini alipitia karakana kusahihisha madaftari. Siku moja akashika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ili tu aone ni kitu gani kinachowapoteza watoto wa watu. Mtu mdogo mwenye taa kichwani akatokea kwenye pango. Kuanzia siku ile, saa nzima katika kila jioni ya kazi ilikuwa ya mtu mwenye taa. Mlango ulifungwa na pazia likashushwa, maana mwalimu mkuu hachezi gemu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Dirisha la karakana ile lilikuwa nalo.

Fundi hakucheza. Dada alichezea televisheni ya karakana yenyewe, kweche lisilouzika, na fundi alikuwa nyuma yake siku zote, mfuniko umefunguliwa, mikono imo ndani. Mbele alisimamisha kioo cha kujitazamia juu ya kiti, kando ya dada, ili aweze kuiona picha akiwa huku nyuma. Kweche lile lilikuwa na doa la zambarau kwenye pembe ya juu, ambalo halikuonekana mpaka mashine ipate moto. Alipambana nalo miaka mitatu kwa vipande vya sumaku na gundi. Akilivuta leo, kesho limerudi. Huku akilivuta, dada alizungumza bila kugeuza kichwa. Sanduku likiwa katikati yao, mambo mazito yalipita kwa wepesi: wakaguzi wa shule, mume aliyeanza kuchelewa, mimba mbili zilizoharibika ambazo mama yao hakuambiwa. Hawakuwahi kuyasema hayo wakitazamana. Dada alipohamishiwa shule ya mbali mambo yakaishia hapo, na baadaye kweche likachukuliwa na wanunuzi wa skrepa pamoja na mengine yote.

Mashine ya gemu aliitunza kwenye sanduku la nguo. Akaitoa, akaipangusa, akatafuta waya wa kuiunganisha na televisheni bapa aliyonunuliwa na mpwa. Ikawaka. Akajisikia kama mtu aliyeita jina kwenye pango likaitika. Akamkalisha dada mbele, akampa pedi, akakaa kando yake.

Dada alimtembeza mtu mwenye taa hatua chache tu. Wale wanaoijua gemu hiyo wanajua kwamba pango la kwanza linaishia kwenye maporomoko ya maji, na nyuma ya maji kuna mlango unaoonekana kwa mbali, kama kitu kilicho nyuma ya chandarua. Dada alifika hapo akasimama. Akakaza macho. Akaiweka pedi mezani taratibu.

"Pamefungwa," akasema. "Wameweka nondo."

Fundi akatazama, akaona kweli. Hapakuwa na maji. Palikuwa na mistari ya buluu iliyosimama wima, mmoja upo, mmoja haupo, mikali kama dirisha la gereza. Alitaka kubisha, ila akayajua makosa ni ya nani. Wachoraji wa enzi hizo walizijua televisheni za enzi hizo, kwamba hazioni vizuri. Walichora mstari mmoja wa buluu, wakaacha mmoja mtupu, na ukungu wa kioo cha kichogo ukaivuruga pamoja ikawa maji unayoweza kuona kilicho nyuma yake. Nusu ya picha walichora wao, nusu waliiachia televisheni. Hii bapa ina macho makali mno. Inaona hata kile ilichopaswa kukisamehe.

Alizunguka mtaa mzima akiulizia kichogo kizima. Alipata kimoja kilichokufa kioo, na kingine ambacho kuku alikuwa amelalia mayai ndani yake, na mwenye nyumba akamwambia asubiri vifaranga.

Ndipo akasikia kwamba kuna programu za kompyuta zinazoigiza kioo cha zamani. Unaicheza gemu ndani ya kompyuta, na programu inakaa katikati, inaweka mistari ya giza, inavimbisha picha, inazivujisha rangi, inaitia mng'ao. Mpwa alikuwa amemwachia kompyuta ya kupakata kwa ajili ya kuonana kwa video; fundi akaiunganisha na ile televisheni bapa na pedi. Fundi akajifunza. Kwenye mtandao akakuta watu duniani kote wanaofanya kazi hiyo usiku na mchana, na mmoja wao, aliyejiita Mistari, akamshika mkono. Waliandikiana kila siku. Walibishana siku nne juu ya unene wa mstari wa giza. Mistari alikuwa mtu wa kupima. Alimwambia punguza ukali, wacha rangi zivuje, usiogope uchafu. Fundi aliandika kwa kidole kimoja, na majibu yakaja mara moja hata alfajiri, ikaonekana kwamba huko aliko Mistari pia hakuna mtu wa kumwambia njoo tule. Hawakuulizana majina. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini.

Fundi viatu wa jirani alikuwa akichungulia dirishani. "Watu wananunua televisheni mpya ili picha iwe safi," akamwambia, "wewe unaichafua."

"Naichafua kwa kipimo."

"Basi lete viatu vyako vya ibada nivitoboe. Kwa kipimo."

Fundi alicheka, lakini neno lilimchoma. Miaka arobaini watu walimletea picha zenye mistari, zenye kuvuja rangi, zilizovimba, akaziponya. Sasa alikuwa anaurudisha ugonjwa mmoja mmoja, kwa mkono wake, na kila ugonjwa aliujua kwa jina. Rangi nyekundu ivuje kidogo kuliko nyingine. Kingo zikunjike. Nyeupe isiwe nyeupe ya karatasi, iwe ya maziwa. Mwisho akalichora na doa la zambarau, juu pembeni kushoto, kwa umbo lake lilelile la yai lililobonyea, likaja polepole baada ya gemu kuwaka kwa muda, kama lilivyokuwa likija.

Jumatano ya wiki ya mwisho, maji yakarudi. Hakuamini. Alisogea nyuma hatua mbili, akasogea tatu: mistari ilikuwa imeyeyuka, maporomoko yanashuka, na nyuma yake mlango. Akamwita dada.

"Maji," akasema dada, hata kabla hajakaa.

Alicheza. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni, vikakumbuka. Mtu mwenye taa akapenya kwenye maji, akatokea upande wa pili, akaokota ufunguo. Fundi aliketi kando yake akimtazama uso, si kioo. Alikuwa akisubiri ule uso ugeuke. Uliinuka, ukaenda kwenye pembe ya juu ya kushoto, ukakunjamana. Dada akanyanyuka, akashika upindo wa gauni lake, akaanza kulifuta lile doa.

"Linatoka wapi hili?"

"Ndilo doa letu, dada. La karakana."

"Hili la mtu mwingine," akasema dada. Akakaa, akatazama chumba kizima kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. "Hii si ya kwetu. Bwana, hapa ni kwa nani?"

Hakushika pedi tena siku hiyo, wala Alhamisi. Fundi alilibadilisha doa rangi, akalipunguza, akalirefusha. Mistari akashauri alitie kijani kidogo. Fundi akamjibu kwa hasira kwamba doa lile analijua kuliko kiganja chake, na baadaye akaona haya akamwomba radhi. Usilijue doa uliloliwekea mikono miaka mitatu? Kila alipofumba macho aliliona palepale, juu kushoto, na mkono wake wa kushoto ukawashwa mahali ulipozoea kushika sumaku.

Ijumaa alikwenda kwa kinyozi. Alitaka mpwa amkute nadhifu, asije akasema mama alikaa kwa mtu aliyejiachia. Kinyozi wa mtaa ule ana televisheni ukutani nyuma ya wateja, ili mtu aangalie mpira kupitia kioo wakati ananyolewa. Fundi alikaa, akafungwa shuka, nusu ya ndevu ikaondoka. Kwenye kioo timu moja ilikuwa inashambulia kuelekea kulia. Goli likaingia. Wateja waliokaa kwenye benchi, wakiitazama televisheni yenyewe, wakaanza kubishana, na mmoja akasema mpira uliingia goli la kushoto, pembe ya juu. Kwenye kioo fundi alikuwa ameuona ukiingia goli la kulia.

Aligeuza shingo akaitazama televisheni yenyewe ukutani. Kisha akasimama na shuka shingoni.

"Vipi, nimekukata?" kinyozi akauliza.

"Hapana. Nimekaa upande mbaya."

"Kiti ni kimoja tu, mzee."

Akalipa akaondoka na nusu ya ndevu, wale wa benchi wakimwambia angalau anyoe ile ya upande wa mkewe. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na sasa fundi aliona ni kwa nini. Miaka mitatu alikuwa ameiona picha ile ndani ya kioo tu. Herufi za kinyumenyume akili yake ilikwisha kuzizoea, haikuzihesabu. Doa, ambalo halina herufi, lilibaki kichwani mwake kama kioo kilivyompa. Kushoto kwake, nyuma ya sanduku, ni kulia kwa aliyeketi mbele. Njiani kuelekea nyumbani likamjia na jingine, akapunguza mwendo. Jioni zote zile, hakuna hata moja aliyozunguka akakaa kwenye benchi upande wa dada. Hakuwahi kuiona gemu aliyoiona dada. Alikuwa anaikumbuka saa iliyokuwa ya watu wawili, na kumbe yeye alikuwa chumba kingine.

Jumamosi saa nne asubuhi, sanduku la dada likiwa limefungwa mlangoni, fundi aliwasha kompyuta akalihamishia doa upande wa kulia. Ilikuwa kazi ya kubadilisha namba moja. Akamkalisha dada, akaketi kando yake, ndevu zake sasa zimenyolewa zote kwa wembe wa nyumbani na kujikata mara mbili.

Dada alitembeza mtu mwenye taa kimyakimya. Maji yakapita. Ufunguo ukaokotwa. Baada ya muda doa likaanza kuota juu kulia, kwanza kama kivuli, kisha zambarau. Macho ya dada yakalifuata likiota, na mabega yake yakashuka. Akavuta kiti mbele. Akapachika ncha ya ulimi kwenye pembe ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya akisahihisha hesabu.

"Kitinda," akasema bila kugeuka. "Hilo doa halijakushinda tu?"

Fundi alikuwa ameisubiri sauti hiyo miezi minane, akamwinamia. "Limenishinda, dada," akasema.

Alisema karibu mno na sikio. Dada akashtuka, akageuka, akaona mzee mwenye upara na plasta kidevuni. Mtu mwenye taa akatumbukia shimoni. "Ah, samahani bwana," akasema, akijitengeneza kwenye kiti. "Nilikuwa naongea na mdogo wangu. Yuko huko nyuma." Akainua shingo kutazama nyuma ya televisheni, na wasiwasi ukaanza kumpanda usoni, ule wa kila asubuhi. Akaiweka pedi magotini. "Alikuwa hapa sasa hivi."

Mtu mwingine angemshika mkono, angemwambia nitazame vizuri. Fundi alikwisha kujaribu hayo, na muda uliobaki haukutosha kukosea. Akasimama.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Nakwenda kumwita."

Akaisogeza meza, akajipenyeza kati yake na ukuta, akachuchumaa. Mgongo wa televisheni bapa ni unene wa vidole viwili. Hapakuwa na mfuniko wa kufungua wala shingo ya kioo ya kuzungushia sumaku, wala kioo mbele cha kumwonyesha kinachoendelea. Aliona ukuta, na juu ya ukuta mwanga wa buluu unaotikisika. Magoti yalimuuma. Akaweka mikono mapajani kwa kukosa pa kuiweka.

"Nipo, dada."

"Ulikwenda wapi?"

"Kutafuta waya."

"Siku zote hizo?"

"Waya ulikuwa mbali."

Dada akaguna, na pedi ikaanza kulia. Wimbo ukapanda sauti nane, ukashuka tatu. Wakakaa hivyo muda mrefu. Dada akamsimulia juu ya mume, aliyekufa zamani, kwamba siku hizi anawahi kurudi. Akamsimulia juu ya mwanafunzi mmoja mtundu mwenye akili. Kitinda akaitika pale palipohitaji kuitikiwa. Kisha dada akashusha sauti, kama alivyofanya zamani mambo yalipokuwa ya ndani.

"Nimekuwa nakaa kwa bwana mmoja hapa."

"Eh."

"Simjui kwao. Ila amelelewa, mama yake hakuzaa bure. Anapika, anafua, hanipigii kelele. Chai yake tu ndiyo ina sukari kama ya harusi." Pedi ikanyamaza kidogo, ikaendelea. "Nasikia kesho naondoka. Mimi sijui nimwambieje mtu nisiyemjua jina. Wewe mshukuru kwa niaba ya nyumba yetu. Kwetu hatuondoki kwa watu kama wezi."

"Nitamshukuru, dada."

"Si utamshukuru. Mshukuru sasa, yuko hapohapo."

Nyuma ya televisheni pakawa kimya kwa muda unaomtosha mtu kumwambia mwenzake maneno machache.

"Nimemshukuru."

"Amesemaje?"

"Amesema hakuna taabu. Amesema nyumba ilikuwa imechangamka."

Dada akalifikiria hilo. "Hana ndugu?"

"Anaye dada yake."

"Yuko wapi?"

"Anahama."

Dada akasikitika kwa ulimi, polepole, mara mbili. "Basi usimwache peke yake hivyo," akasema. "Ukipata nafasi uwe unapita kumwangalia."

"Nitapita," akasema Kitinda, na akabadilisha goti.